Mdomo Mdogo

Nimepewa tundu la milimita mbili nukta nane.
Humo nitengeneze mdomo
upite umefumbwa, ufike, upanuke,
ugeuke kushoto kidogo, ung'ate,
kisha uachane na waya wake, ubaki peke yake
gizani, ndani ya mtu nisiyemjua.

Ndiyo kazi yangu hapa Okaya,
mji uliowahi kusokota hariri
hadi bibi yangu Hatsuno akapoteza alama za vidole
katika maji ya moto ya vifukofuko.
Leo kiwanda chake ni maegesho ya magari
na sisi wajukuu tunachonga vyuma
ambavyo ukipiga chafya, umevipoteza.
Nimeshapiga. Tulitambaa sakafuni saa nzima na sumaku,
mimi na mzee Takei,
ndipo tukakumbuka kuwa chuma kile hakinasi sumaku.

Jina la ukoo wetu, Oguchi,
ukilisoma herufi kwa herufi, ni mdomo mdogo.
Mafundi wamelicheka tangu siku ya kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, kwa hiyo taya ni mbili.
Lakini chawa ana mgongo.
Ukuta wa tumbo hauna mgongo wala pembe,
ni utelezi juu ya utelezi,
mlenda unaopumua.
Meno makali yaliupasua.
Meno butu yaliteleza kama viatu juu ya ziwa letu mwezi wa pili.
Springi ngumu ilifunga kabla ya kufika.
Springi laini ilifika, ikaona haya.
Toleo la tisa lilifunguka vizuri mno mezani,
ndani ya mrija uliopinda likagoma,
kwani waya ukikunjwa hula nguvu njiani
kama karani anayekula mshahara wa wenzake.

Kila Alhamisi muuza nyama wa Shimosuwa
huniletea matumbo ya nguruwe kwenye ndoo ya bluu.
Hajauliza hata mara moja. Nadhani anaamini napika.

Nikawa nakaza. Wiki sita nakaza,
gramu kwa gramu,
hadi toleo la kumi na nne likaondoka na kipande cha nyama mdomoni
mbele ya muuguzi Yatsuka, aliyekuja kutazama
na begi lake bado begani.

Hakusema pole.
Alisema: "Mbona mnalikimbiza?
Tumbo mmelijaza hewa, limewambwa kama ngoma.
Nani awezaye kufinya ngoma?
Fyonzeni. Litajikunja. Litakuja lenyewe."

Akabonyeza. Hewa ikatoka.
Na ule ukuta ulionikwepa tangu majani yaanze kupukutika
ukalegea, ukakunjamana, ukaingia
katikati ya taya zilizokuwa wazi tu,
zinangoja.

Usiku ule nilifuta nguvu, nikaandika upana.
Nikayalaza meno yatazame ndani kama ya nyoka,
si ya kukata,
ya kukataza kurudi.
Mzee Takei alivua miwani, akaivaa tena.
"Umelegeza," akasema, kama anayenishitaki.
"Nimelegeza."

Toleo la kumi na saba sasa liko hospitalini Matsumoto.
Jana ilipigwa simu: mwanamke, mpika tambi,
kidonda kinachovuja damu nyuma ya kona
ambayo hata kamera huiona kwa kuchungulia.
Vibanio viwili. Damu ikasita. Ikakoma.
Sikuambiwa jina lake, wala yeye hataambiwa langu.

Baada ya wiki tatu hivi nyama itakuwa imeshikana,
mdomo utaachia,
utashuka pamoja na mabaki ya chakula
na kutoka asubuhi moja bila kuagwa.

Wajenzi wa madaraja huwapeleka watoto wao Jumapili,
wakanyooshea kidole: lile pale.
Wangu akiniuliza kiko wapi ulichotengeneza,
nitamwambia kimekwenda na maji,
na nitacheka, naye hataelewa.

Kesho Alhamisi. Ndoo ya bluu.
Toleo la kumi na nane
bado linasitasita likigeuka kushoto.